Mtawa Asiye na Kuta: Imani na Ukiwa katika Picha ya Mandhari ya Caspar David Friedrich

Ikisiri

Makala haya yanahakiki Mtawa Kando ya Bahari, picha ya rangi za mafuta iliyochorwa na Mjerumani Caspar David Friedrich kati ya 1808 na 1810. Kwa zaidi ya miaka mia mbili wasomaji wa picha hii wamegawanyika: wapo wanaoiona kuwa ungamo la imani, na wapo wanaoiona kuwa taswira ya mtu aliyeachwa na imani. Makala yanadai kwamba mgawanyiko huo unatokana kwa sehemu na jina ambalo hali inayoonekana katika picha imepewa, na kwamba neno la Kiswahili ukiwa, likitenganishwa na huzuni, linaieleza hali hiyo kwa usahihi zaidi. Hoja inajengwa juu ya vitu ambavyo mchoraji aliviondoa, juu ya picha pacha iliyoonyeshwa pamoja na hii, na juu ya ulinganisho mfupi na Al-Inkishafi.

Kilichomo na kilichoondolewa

Picha yenyewe inaelezeka kwa sentensi chache, na huo ndio mwanzo wa ugumu wake. Turubai ina kimo cha sentimita 110 na upana wa sentimita 171.5. Chini pana ukanda wa mchanga mweupe unaopanda kidogo upande wa kushoto wa katikati. Juu yake umelala ukanda mwembamba wa bahari nyeusi yenye povu hapa na pale. Sehemu yote iliyobaki, takriban tano kwa sita ya turubai, ni anga: utusitusi karibu na maji, kisha mawingu ya kijivu yanayofunguka juu kabisa kwenye samawati hafifu. Pale mchanga unapopanda amesimama mtu mmoja mwenye joho refu jeusi. Mgongo wake unamwelekea mtazamaji na mkono wake uko kidevuni. Shakwe wachache wanaruka karibu naye. Kichwa chake hakifiki kwenye mstari wa upeo wa macho. Hamna kingine.

Ili kuelewa jinsi uchache huu ulivyowashtua watu wa wakati ule, yafaa kukumbuka uchoraji wa mandhari ulivyofundishwa. Mchoraji aliweka mti au mwamba pembeni ili jicho lipate mlango wa kuingilia. Akaweka njia, mto au mashua ndogo ili jicho lipate pa kutembea. Akaweka mwanga mahali fulani ili jicho lipate pa kutua. Friedrich, aliyezaliwa Greifswald mwaka 1774 na kusomea katika Akademia ya Copenhagen kuanzia 1794 hadi 1798 kabla ya kuhamia Dresden, alizijua kanuni hizo vizuri na alizitumia katika kazi nyingine. Hapa pembeni hamna mti wala mwamba. Ufuo unaingia kutoka ukingo mmoja wa turubai na kutokea ukingo wa pili, kana kwamba fremu imeukata tu popote.

Mwaka 1809 Marie Helene von Kügelgen aliiona picha hii katika karakana ya mchoraji ikiwa haijakamilika, akamwandikia rafiki yake barua ya kulalamika. Alichokosa ni kitu chochote cha kushika: jua, mwezi, dhoruba, chombo cha majini, hata jani moja mchangani. Kwa maoni yake dhoruba ingekuwa faraja, maana angalau ingeleta mwendo na uhai. Wahakiki wengi huinukuu barua hii ili kuonyesha kwamba watazamaji wa kawaida hawakuielewa kazi ya bwana mkubwa. Ukweli ni kwamba mama huyu aliielewa kuliko wengi waliomsifu mchoraji. Aliorodhesha, kitu kwa kitu, faraja ambazo picha inakataa kuzitoa.

Orodha yake imepata uthibitisho ambao hakuweza kuutazamia. Uchunguzi wa miale ya infraredi umeonyesha kwamba chini ya rangi, pande zote mbili za yule mtu, Friedrich alikuwa amechora meli za tanga. Zilikuwamo, akaziondoa. Aidha, mtu mwingine aliyefika karakana mwaka 1810, wiki chache kabla ya picha kupelekwa Berlin, aliandika kwamba aliona mwezi na nyota ya asubuhi angani. Katika picha iliyotundikwa havipo. Kwa hiyo utupu huu si hali aliyoanza nayo mchoraji. Ni hali aliyoifikia kwa kufuta. Uhakiki wowote unaotaka kusema neno juu ya imani katika picha hii hauna budi kueleza kwa nini mwanga na meli vilitolewa, kwa kuwa meli inayorudi bandarini na nyota ya asubuhi ni miongoni mwa ishara kongwe kabisa za tumaini la Kikristo.

Kambi mbili za wasomaji

Picha ilionyeshwa katika maonyesho ya Akademia ya Berlin vuli ya 1810. Tarehe 13 Oktoba mwaka huo mwandishi Heinrich von Kleist alichapisha katika gazeti lake, Berliner Abendblätter, maelezo mafupi ambayo hadi leo hayajapitwa. Maelezo hayo yalikuwa andiko la Clemens Brentano na Achim von Arnim, ambalo Kleist alilifupisha na kuligeuza mwelekeo. Brentano na Arnim walikuwa wamewatania watazamaji waliokuwa wakijibizana mbele ya picha. Kleist aliutoa utani, akasema kwamba kwa kuwa picha haina kitu mbele ila fremu yake, anayeitazama huhisi kama mtu aliyekatwa kope za macho. Si lugha ya mtu aliyefarijiwa. Kutokana na Kleist kumezaliwa kambi ya kwanza ya wasomaji, wanaoona hapa mwanzo wa upweke wa mtu wa kisasa ambaye mbingu haimjibu. Mwaka 1961 Robert Rosenblum aliipeleka kambi hiyo mbali zaidi alipoilinganisha picha hii na tabaka za rangi tupu za Mark Rothko.

Kambi ya pili ina mlezi wake mkuu katika karne ya 20, Helmut Börsch-Supan, ambaye kwake karibu kila kitu katika kazi za Friedrich ni alama ya kidini yenye maana maalumu: mwamba ni imani, msonobari ni tumaini, bahari ni mauti au umilele, ufuo ni ukomo wa maisha ya duniani. Usomaji huu una nguvu mahali ambapo mchoraji mwenyewe alitoa ufunguo. Alifanya hivyo kwa ile picha ya msalaba juu ya mlima, maarufu kwa jina la Altare ya Tetschen, aliyoionyesha karakana wakati wa Krismasi ya 1808. Pale mna msalaba, miale ya jua linalotua, misonobari isiyopukutika, na fremu iliyochongwa malaika, ngano na zabibu. Mhakiki Basilius von Ramdohr aliishambulia mwanzoni mwa 1809, akishangaa kuona mandhari ikijipenyeza makanisani na kupanda altareni. Friedrich akajibu kwa kueleza maana ya kila kitu. Kwa Mtawa, usomaji wa alama unakwama. Mchoraji aliyekuwa mwepesi hivyo wa kuweka alama ndiye huyu huyu anayeziondoa. Kuzirudisha kwa mlango wa nyuma, kwa kusema kwamba bahari ni hiki na mchanga ni kile, ni kuchora upya meli alizozifuta.

Kambi zote mbili, hata hivyo, zinakubaliana juu ya jambo moja bila kulichunguza: kwamba hali ya moyo iliyomo katika picha na imani ni vitu vinavyopingana, na kwamba kazi ya mhakiki ni kuamua kipi kimeshinda. Hapo ndipo suala linapogeuka kuwa suala la lugha.

Huzuni, sonona na ukiwa

Wajerumani huiita hali hiyo Melancholie, neno lenye asili ya Kigiriki linalotokana na dhana ya kale ya nyongo nyeusi. Katika Kiswahili cha darasani, neno linalowekwa mahali pake karibu kila mara ni huzuni. Mwanafunzi hufundishwa kuandika kwamba dhamira ya kazi ni huzuni na toni yake ni ya huzuni, kisha huendelea na swali linalofuata. Neno hilo si baya, ila lina tabia yake. Huzuni hudai sababu. Mtu huhuzunika kwa jambo, huhuzunishwa na fulani, huhuzunishwa na habari aliyoipata. Ukisema mtu ana huzuni, msikilizaji atauliza: amepatwa na nini?

Swali hilo likishaulizwa mbele ya picha hii, jibu hutafutwa katika maisha ya mchoraji, na maisha hayo yana majibu tele. Mama yake alifariki mwaka 1781, Friedrich akiwa mtoto wa miaka sita. Dada yake alifuata mwaka uliofuata. Mwaka 1787 ndugu yake alizama barafu ilipopasuka, na inasimuliwa kwamba alikuwa akimwokoa Caspar David mwenyewe. Dada mwingine aliaga dunia mwaka 1791. Misiba hii ni ya kweli na mizito. Hata hivyo, ikishatajwa, picha hugeuka kuwa cheti cha daktari: yule mtu ufuoni ni mgonjwa wa sonona, na turubai ni dalili yake. Usomaji wa namna hii umekuwa wa kawaida mno. Haueleze kwa nini mchoraji mwenye misiba ile ile aliweza kuchora msalaba uliozungukwa na miale mwaka ule ule alioanza kuchora ufuo mtupu.

Kiswahili kina neno jingine. Mkiwa ni mtu asiye na wake, aliyeondokewa au aliyetengwa. Ukiwa ni hali ya mtu huyo, lakini pia ni hali ya mahali: nyumba iliyohamwa ina ukiwa, mji uliobomoka una ukiwa, pwani isiyo na mtu ina ukiwa. Hapa pana mambo mawili yanayohusu hoja. La kwanza, neno halitenganishi mandhari na moyo wa anayeitazama. Jina ni moja kwa vyote viwili. Wahakiki wa uchoraji wa Ulimbwende wameandika kurasa nyingi kueleza jinsi mandhari ya Friedrich ilivyo wakati huo huo hali ya nafsi, na wamelazimika kubuni istilahi kwa ajili hiyo. Mzungumzaji wa Kiswahili anayo tayari. La pili, ukiwa hauna kitenzi cha kawaida kama huzunika. Si tendo wala si pigo. Mtu hukaa katika ukiwa. Swali la amepatwa na nini halizuki lenyewe; linalozuka ni: yuko wapi, na yuko na nani?

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili analijua neno hili kwa namna nyingine tena. Tafsiri ya Muungano ya 1952 inalitumia katika aya ya pili kabisa ya kitabu cha Mwanzo kuieleza nchi kabla nuru haijaumbwa. Katika aya hiyo mna giza, mna maji, na Roho wa Mungu yupo juu ya maji hayo. Ukiwa huo si mahali alipoondoka Mungu. Ni mahali ambapo hajasema bado. Makala haya hayadai kwamba Friedrich alikusudia kuchora aya hiyo. Hamna ushahidi wa hilo. Linalodaiwa ni kwamba mchoraji aliyefuta mwezi na nyota, akabakiza nchi tupu, maji meusi na anga, alifika mahali ambapo lugha hii ina jina lake, na jina hilo halilazimishi kuchagua kati ya Mungu na utupu.

Yafaa kuongeza kwamba hata neno huzuni, likirudishwa kwenye asili yake ya Kiarabu na katika masimulizi ya Kurani, halipingani na imani. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf hadi macho yake yakawa meupe, na mashtaka yake aliyapeleka kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Hakuna mfasiri aliyemhesabu kuwa amekufuru. Utengano mkali kati ya imani na majonzi ni mazoea ya wahakiki wa karne mbili zilizopita kuliko mafundisho ya dini zenyewe.

Picha pacha

Tofauti kati ya huzuni na ukiwa isingekuwa na uzito kama ingekuwa mchezo wa kamusi tu. Uzito wake unaonekana Mtawa anapowekwa kando ya picha aliyoonyeshwa nayo mwaka 1810, Abasia katika Msitu wa Mialoni. Vipimo vya turubai hizo mbili ni karibu sawa. Ya pili inaonyesha ukuta wa kanisa lililobomoka, uliochukuliwa kutoka magofu ya Eldena karibu na Greifswald, mialoni mikavu isiyo na majani, theluji, makaburi, na msafara wa watawa wanaopitisha jeneza chini ya lango lililosalia, penye msalaba na taa mbili ndogo. Juu pana mwezi mwembamba.

Kila kilichofutwa katika picha ya kwanza kina mwenzake katika hii: mwanga, alama ya imani, jengo, watu. Na hapa ndipo penye huzuni kwa maana yake kamili. Kuna maiti, kwa hiyo kuna sababu. Kuna wachukuzi wa jeneza, kwa hiyo kuna msiba, na msiba kwa mila za watu wengi wa ukanda huu ni jambo la kukusanyika. Anayefiwa hapewi nafasi ya kuwa mkiwa siku ile; matanga hukaliwa kusudi asiwe. Watawa wa Abasia wanatembea pamoja kuelekea msalaba hata kama kanisa limebaki ukuta mmoja. Wahakiki kadhaa wamesema kwamba jeneza hilo ni la yule mtawa wa ufuoni, na kwamba picha ya pili inajibu swali la ile ya kwanza: aliyetafakari amekufa, na sasa anapita langoni kwenda kwenye uzima. Ni usomaji mzuri wa kusimulia, nao unavutia kwa sababu unamaliza hadithi. Lakini unaifanya picha ya ufuoni kuwa sura ya kwanza tu ya kitabu, inayopaswa kuvumiliwa hadi faraja ifike. Ikitazamwa peke yake haina upungufu huo. Picha mbili hizi zinaonyesha hali mbili za mwamini, moja akiwa na wenzake na alama zake, nyingine akiwa hana hata kimoja, na hakuna kitu chochote kwenye turubai kinachosema kwamba hali ya pili ni imani pungufu.

Historia ya ununuzi wake inastahili sentensi mbili. Malkia Luise wa Prussia alifariki Julai 1810, na miezi michache baadaye Mfalme Friedrich Wilhelm III alizinunua picha zote mbili, akihimizwa na mwanawe mrithi wa ufalme, kijana wa miaka 15. Mtoto aliyetoka kumzika mama yake hakuitaka picha yenye jeneza tu. Aliitaka na ile nyingine.

Mtawa aliye nje

Jina la picha limekubalika sana hivi kwamba linasahaulika kuwa nalo ni usomaji. Brentano na Arnim walimwita mtu huyo Mkapuchini. Katika nchi ya Kilutheri kama Pomerania alikozaliwa Friedrich, nyumba za watawa zilifungwa tangu karne ya 16, na Eldena ikawa machimbo ya matofali. Mtawa katika ufuo wa Baltiki mwaka 1810 ni mtu wa zamani aliyepotea njia ya wakati.

Tafsiri ya Kiswahili inaongeza kitu ambacho Kijerumani hakina. Kutawa ni kukaa ndani, kujitenga na macho ya watu. Utawa katika Kiswahili cha pwani ulitumika pia kwa wanawake waliokaa ndani wasitoke. Kuta ndizo zinazomfanya mtawa kuwa mtawa. Mtu huyu wa Friedrich amevaa vazi la utawa lakini hana ukuta, hana chumba, hana kengele ya sala wala ndugu wa kuitikia. Amebaki na kiini cha utawa, yaani kuwa peke yake mbele ya Mungu, bila chombo chochote kilichotengenezwa ili upweke huo uvumilike. Friedrich alikuwa akikijua kitu cha namna hii kwa sura yake ya furaha zaidi: mchungaji na mshairi Ludwig Gotthard Kosegarten aliwahubiria wavuvi wa heringi ufuoni Vitt, kisiwani Rügen, bahari ikiwa kanisa lao. Lakini kwa Kosegarten palikuwa na mhubiri na palikuwa na wavuvi. Friedrich ameondoa wote akaacha mahali.

Tena hakumpa mtawa wake mkao wa sala. Hajapiga magoti, mikono haikufumbatwa. Mkono uko kidevuni, mkao ambao sanaa ya Ulaya iliutumia kwa karne nyingi kumwonyesha mwenye Melancholie. Mwenye vazi la imani anafanya ishara ya majonzi. Mchoraji aliviweka viwili hivyo katika mwili mmoja usiozidi kiganja kwa ukubwa, na ni ajabu kwamba wahakiki wameendelea kuvigawanya.

Sauti kutoka Pate

Ulinganisho mmoja wa karibu na nyumbani unasaidia kupima hoja hii. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hukadiriwa na wataalamu wengi kuwa ni ya mwanzo wa karne ya 19, yaani karibu na miaka ile ile. Hakuna uhusiano wowote kati ya mshairi wa Pate na mchoraji wa Dresden, wala hakuna haja ya kuubuni. Kinachowakutanisha ni kazi moja waliyoipa mandhari. Nyumba za waungwana wa Pate zimebaki magofu. Popo wananing'inia, na ndege wametaga katika madaka yaliyokuwa na vyombo vya kauri. Mahali pamekuwa ukiwa, na mshairi anautumia ukiwa huo kuuamsha moyo wake ulioghurika na dunia.

Friedrich naye aliandika barua kuhusu picha yake, na barua hiyo haiko mbali na Pate kama mtu angetarajia. Anamsema mtu anayetafakari toka asubuhi hadi jioni, toka jioni hadi usiku wa manane, bila kuifikia siri ya upande wa pili wa kaburi. Anaukemea ufidhuli wa kutaka kuwa taa ya vizazi vijavyo. Nyayo zinakanyaga mchanga kwa kina, upepo mwepesi unapita, hazionekani tena. Hii ni ghururi ile ile ambayo mshairi wa Kiswahili anaionya.

Tofauti ni kubwa kuliko mfanano, na ndiyo inayofundisha zaidi. Mshairi ana wa kusema naye. Anauita moyo wake, anaubembeleza, anauhoji, anautisha kwa kaburi na Jahanamu. Ukiwa wa Pate umejaa sauti. Kwake magofu ni hoja, na hoja ina mwisho unaojulikana. Mtawa wa Friedrich haambiwi neno wala hasemi neno. Barua ya mchoraji ina onyo, turubai haina. Mhakiki anayeichukua barua kuwa ndiyo maana ya picha anafanya kosa lile lile la anayechukua wasifu: anatafuta maneno mahali ambapo kazi nzima imefanywa ili yasiwepo.

Rangi iliyorudi

Inaweza kupingwa kwamba hoja hii inampa mchoraji theolojia ambayo hakuwa nayo. Kwamba meli ziliondolewa kwa sababu za kisanaa tu, ili mistari ya picha iwe safi. Pingamizi hili lina haki yake. Lakini halivunji hoja, kwa kuwa katika mwaka ule wa 1809 Friedrich alikuwa amebishana hadharani juu ya swali la kama mandhari inaweza kubeba ibada. Kila alichokiweka au kukiondoa baada ya mabishano hayo kilikuwa jibu, apende asipende. Pia wazo la dini kama hisia ya kukabili kisicho na mwisho, kabla ya kanuni na alama, lilikuwa hewani: Friedrich Schleiermacher alikuwa amelichapisha tangu 1799.

Kuna jambo moja la mwisho, la kimaada kabisa. Kwa miongo mingi wahakiki walieleza giza la picha hii, na wengine walijenga juu ya giza hilo nadharia nzima ya kukata tamaa. Kazi ya uhifadhi iliyokamilika katika jumba la Alte Nationalgalerie mjini Berlin mwaka 2016 iliondoa vanishi iliyokuwa imegeuka manjano, na sehemu ya giza ikaondoka nayo. Samawati iliyoko juu ya mawingu sasa inaonekana wazi kuliko ilivyoonekana kwa vizazi kadhaa. Bahari imebaki nyeusi, na kichwa cha mtawa bado hakijafika kwenye upeo. Juu yake, mbali sana na asikoweza kufika, mawingu yanafunguka, na haijulikani kutokana na mgongo wake kama anatazama huko.